Elisha, Rudisha Njia ya Ng'ombe

Agincourt, Toronto
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Elisha,

Pokea salamu zetu kutoka huku. Mimi na Neema tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, lakini linanifikisha kazini na kunirudisha, kwa hiyo sina ugomvi nalo. Mama ameamkaje? Presha imeshuka? Na lile jicho, amekubali kwenda kuonwa na daktari au bado anasema ataenda vitunguu vikishavunwa? Mke wako na watoto je? Mvua najua haijanyesha, sitauliza. Maji ya mfereji yanafika kwetu laini ya tano siku hizi, au yanaishia kwa wale wale wa juu? Nijibu yote hayo moja baada ya jingine. Ukinipigia simu huwa unasema habari zako tu, na mimi nikianza kuuliza, mtandao unaharibika. Ajabu ni kwamba hauharibiki ukiwa unasema wewe.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi haikatiki katikati ya swali. Barua hii inaletwa na dada mmoja muuguzi wa Pickering tunayesali naye, anayekuja nyumbani likizo. Akifika Nairobi ataiweka kwenye basi la Malkani. Nimemwambia bahasha iandikwe jina la Mama, si lako. Ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini.

Nimepokea historia yako. Kurasa kumi na nne, ulizozipiga picha moja moja kwa simu, na kwenye ukurasa wa tisa umefunika mistari mitatu kwa kidole gumba. "Historia na Tabia ya Malkani, Mji wa Wakulima Jangwani." Kichwa kizuri, nakupongeza. Uliniomba nisahihishe herufi tu. "Dada, wewe ni mtu wa madaftari, weka nukta na mikato, kisha unirudishie kabla ya mkutano wa kamati ya maji." Basi nikaichapa, nikaisoma kwenye basi nikienda kazini Richmond Hill, kwenye ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kalamu nyekundu mkononi. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilipitiliza kituo, nikachelewa kumwogesha mzee wangu wa chumba cha nne. Siku ya tatu sikucheka, kwa sababu nilifika ukurasa wa kumi na moja nikakuta nimetajwa.

Lakini nitafuata utaratibu. Nianze na ukurasa wa kwanza.

Umeandika kwamba Malkani ilianza siku trekta ya kwanza ilipofika "katika jangwa tupu lisilo na mtu wala njia." Elisha, nani alimwelekeza dereva wa trekta? Baba alitusimulia mara ngapi, tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa lango la maji alilolinda, kwamba walipofika na mahema yao waliwakuta watu wa ukingoni wakilima mahindi na ndizi kwenye matope yanayoachwa na mafuriko? Kwamba waliwakuta wafugaji wakishusha ng'ombe mtoni asubuhi kwa zamu, ukoo kwa ukoo, bila kugombana, na wao ndio waliowaonyesha wageni mahali pa kuchota maji pasipo na mamba? Mahali hapo pa kushushia ng'ombe wenyewe wanapaita malka. Sisi tuliokuja na masanduku ya bati tulikuta jina liko tayari, tukalitia mdomoni, na leo wewe mwenye kulitamka kila siku unasema hapakuwa na kitu.

Ya mahema umeandika vizuri, sikatai. Nyumba zenye namba zilizopangwa laini kwa laini, watu kutoka Ukambani, kutoka milimani, kutoka ziwani na pwani, kila mmoja na lugha yake, wakashindwa hata kutukanana vizuri mpaka walipozoea Kiswahili. Umesema ndiyo maana mtu wa Malkani hakuulizi kabila bali hukuuliza, "Wewe ni wa laini gani?" Hapo nilitabasamu peke yangu, abiria wa pembeni akasogea. Na kile kipande cha reli kilichotundikwa langoni, ambacho Baba alikigonga kutangaza zamu za maji, umekieleza mpaka nikakisikia. Kwa hiyo kuandika unajua. Ndicho kinachoniudhi zaidi.

Ukurasa wa tano umeandika kwamba mto ulihama ukaiacha pampu ya mradi wa pamba kwenye mchanga "kwa sababu ya mifugo kukanyaga kingo." Nani alikuambia? Mto wa tambarare huhama. Watu wa ukingoni walisema hivyo kabla pampu haijafungwa, walionyesha hata mahali mto ulipokuwa zamani za babu zao, na wakubwa wenye ramani hawakutaka kusikia. Ng'ombe wa kuuhamisha mto bado hajazaliwa. Ukitaka kulaumu, laumu ramani.

Ukurasa wa saba: "Vijana shupavu wa kamati walifufua mji." Vijana gani? Pampu ilipokufa, pamba ikakauka, mathenge, mti ule wa miiba, ikaota mpaka kwenye milango ya nyumba zenye namba, na wanaume wengi wakaenda mjini kutafuta vibarua. Waliochimba mfereji wa kwanza wa mkono kutoka kwenye mto mpya ni wanawake kumi na wanane, kwa majembe, na Mama alikuwa mmoja wao. Ile alama kwenye muundi wa mguu wake si ya baiskeli kama unavyowaambia watoto wako. Ni jembe la Mama Kioko lililoteleza. Wewe ulikuwa na miaka minane na kazi yako ilikuwa kulala kwenye kivuli cha toroli. Kijana shupavu!

Kisha tabia. Umeandika: "Watu wa Malkani ni wakarimu, wachapakazi na wapenda amani." Hivyo ndivyo inavyoandikwa kuhusu kila mji duniani. Ningekuwa mgeni nisingejua kama unasema habari za Malkani au za kisiwa cha samaki. Mtu wa Malkani anajulikana kwa mengine. Akishuka kwenye basi baada ya miaka kumi, kabla hajamkumbatia mama yake anageuza shingo kuangalia mfereji una maji kiasi gani. Anaweza kukunyima salamu mwezi mzima kwa sababu uliiba robo saa ya zamu yake, na mwezi huo huo akakuletea bamia mlangoni bila kusema neno. Hasemi saa tatu, anasema zamu ya pili. Na zaidi ya yote, hawezi kuona udongo umekaa bure. Ukingo wa mfereji ataupanda. Kando ya choo ataipanda. Ukimwacha amekaa kwenye kiti mahali penye unyevu, ukirudi utakuta ameshachomeka mbegu.

Najua tabia hiyo kwa sababu imenivunjia heshima hapa hapa Toronto, na nitakusimulia, ili usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kiti cha hakimu.

Karibu na kwetu kuna bustani ya pamoja. Kila mtu anapewa kipande kidogo kama jaruba moja la miche, na kuna bomba moja la maji katikati. Mwaka huu nimepata kipande. Siku ya kwanza nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa laini ya tano angefanya: nikachimba kijifereji kutoka bombani, nikainua matuta, nikafungulia maji, nikasimama na jembe nikisubiri yafike mwisho. Jamani, huku mvua inanyesha kila wiki! Mchicha ukaoza wote. Mwenye kipande cha jirani, mzee mmoja Mchina, alikuja akasimama, akatazama bwawa langu, akatikisa kichwa, akaondoka, akarudi na ndoo yenye matundu ya kunyunyizia.

Hilo lilipita. La pili ndilo baya. Kati ya kipande changu na cha bibi mmoja Mrundi, Speransiya, kuna ukanda wa nyasi, upana wake kama hatua mbili, unaotoka getini mpaka bombani. Niliutazama wiki nzima. Sikuona mtu akiupanda. Sikuona alama. Nikasema, hawa watu wana udongo mpaka wanausahau. Nikaulima, nikapanda kunde. Zikatoka vizuri, Elisha, vizuri sana, nikampigia Mama picha.

Jumamosi moja nilimkuta Bibi Speransiya amesimama getini na kile kigari chake cha magurudumu anachoegemea akitembea. Ni mwanamke mdogo wa mwili, amekauka, kitambaa kichwani, ndoo ya maji imetundikwa kwenye kigari.

"Mama Neema," akaniita, "mi niliacha njia hapa wiki iliyopita. Umeipeleka wapi?"

"Njia gani, bibi?"

"Ya miguu yangu na ya hii gari yangu."

Nikamwambia nilidhani ni mahali pa bure tu, hapana mtu.

"Pa bure?" Akageuka kuwaambia Wakongo wawili waliokuwa wakipalilia. "Sikieni! Mahali mutu anapitaka ni pa bure, sababu hakuna mutu amelala hapo!" Wale wakacheka mpaka wakakaa chini. "We dada, uko mutu wa wapi?"

"Wa Malkani, Kenya."

"Huko kwenu munakulaka njia?"

Akazitazama kunde zangu kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, si ya mzaha tena, "Mi nilikimbia na miguu kutoka kwetu mpaka kambini, watoto watatu nyuma. Nilipita kwenye askari, nilipita kwenye mto. Hakuna mutu alinifungia njia na kunde."

Neema alikuwa pale. Unajua anaelewa kila neno na hajibu kwa Kiswahili hata ukimpa zawadi. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba bibi ana haki, na kwamba mama yake angeweza kupanda mboga hata kwenye ngazi za kanisa. Nilizing'oa kunde siku hiyo hiyo, zikiwa na maua. Nilirudisha nyasi kwa mikono. Bibi alikaa kwenye kigari chake akinisimamia, akinionyesha kwa kidole mahali nilipobakiza mzizi.

Basi, nikiwa bado na udongo huo kwenye kucha, ndipo nikafika ukurasa wako wa kumi na moja.

Nanukuu, ili usiseme nimekusingizia: "Ile inayodaiwa kuwa njia ya mifugo kati ya laini ya tano na ya sita haikuwahi kuwepo. Mawe meupe yaliyopo ni mipaka ya mashamba. Hayo yanathibitishwa na shajara ya dada yangu, aliyeandika kila siku tangu akiwa sekondari."

Elisha. Elisha!

Mwezi wa tano ulinipigia ukaniomba tarehe. Mfereji wa wanawake ulifunguliwa lini, shule ilipata bati lini, Baba alistaafu lini. Nikafungua sanduku la madaftari, nikakusomea dakika arubaini kwa simu, nimesimama jikoni, sufuria ikiungua. Nilidhani mdogo wangu anapenda mambo ya kwao. Hukuniuliza lolote kuhusu njia. Hata neno moja. Kisha unaandika kwamba daftari langu linathibitisha, kwa sababu hukuuliza! Mimi ninaandika tarehe, hali ya hewa, aliyekuja na aliyesema nini, kila siku tangu kidato cha pili. Sijawahi kuongopa kwenye madaftari hayo hata nilipokuwa na sababu nzuri ya kuongopa. Leo unayasimamisha mbele ya kamati yaseme uongo kwa sauti yangu.

Nilikupigia siku hiyo hiyo. Unakumbuka tulivyosemezana, lakini nitaandika, kwa sababu Mama hakuwepo.

Ulisema, "Dada, wewe uko Kanada. Mambo ya huku yamebadilika."

"Ng'ombe wameacha kunywa maji?"

"Wanaharibu, dada! Juzi wameingia kwenye matikiti ya Kioko, wamekula robo ya shamba. Mtu amelima kwa jasho miezi mitatu. Wewe ungesema nini?"

"Ningesema pole kwa Kioko. Walipitia wapi?"

"Si walitoka kwenye njia yao wakakata kona..."

"Umesema hakuna njia."

Nikasubiri.

"Elisha?"

"Haloo? Haloo? Dada, nakupoteza..."

Hukunipoteza. Nilikuwa nasikia kuku wako wakilia nyuma.

Ya Kioko nakubali ni shida. Sina moyo wa jiwe. Shamba likiliwa, limeliwa, na watoto wa Kioko hawali historia. Lakini Mama ameniambia lile usiloniambia wewe. Ameniambia kwamba kamati inataka kugawa ukanda wote ule, kutoka barabarani mpaka mtoni, uwe laini mpya ya mashamba. Kwamba mathenge imeziba kingo nyingine zote na wafugaji wa upande wa mashariki hawana tena mahali pengine pa kushukia maji kiangazi hiki. Kwamba mkutano utaisoma historia yako kwanza, kisha utapiga kura. Na kwamba wewe, katibu, umeshapima kwa kamba kipande cha mwisho, kile cha karibu na maji, na umeshasema utapanda matikiti. Mama hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Sasa nisome vizuri. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi tatu zenye mistari ya bluu, zimekunjwa. Nimezitoa kwenye daftari la mwaka ule pampu ilipokufa. Sijawahi kuchana daftari langu maishani kabla ya hili. Nakuandikia hapa maneno yake, ili ukisema wino umefifia, uwe huna kisingizio.

"Jumatano. Jua kali, upepo wa vumbi mchana. Mfereji mkuu umebaki matope. Baba ameenda langoni asubuhi akakaa pale hadi zamu ya tatu, ijapokuwa hakuna cha kufungulia. Hakugonga reli. Elisha anaharisha siku ya pili."

"Alhamisi. Jua. Elisha hanyanyuki. Uji anautapika. Mama amemvua nguo amemlaza kwenye gunia lenye maji. Zahanati imefungwa, daktari ameondoka na gari la mradi. Nimesema sala."

"Ijumaa. Jua. Asubuhi wafugaji wamepita na ng'ombe wakienda mtoni. Mwanamke mmoja, Mama Habiba, alisimama kwetu kuomba moto. Akamwona Elisha. Hakuuliza. Alirudi na kibuyu cha maziwa yaliyoganda, akamshika kichwa, akamnywesha kijiko kimoja, akasubiri, kijiko kingine, akasubiri. Alikaa mpaka jua likawa kichwani. Ng'ombe wake walikwenda na kurudi na watoto wake, yeye hakuondoka. Elisha hakutapika."

"Jumamosi. Jua. Mama Habiba amekuja tena. Amesema ataleta kila asubuhi akipita. Baba akamuuliza, nitakurudishiaje wema huu, mama? Akasema, sisi tunapita hapa tu, usitufungie. Baba akachukua toroli akaenda kubeba mawe meupe kutoka kilimani. Ameweka manne, mawili kila upande. Ameniambia niandike kwenye daftari, kwa sababu yeye hajui kuandika vizuri: hapa ni njia ya ng'ombe, mimi mlinzi wa lango nimeweka mawe, mfereji ukipita hapa tutaweka mbao juu, ng'ombe hawatahama. Nimeandika."

Umeisoma? Isome tena. Alileta maziwa asubuhi ishirini na tatu. Nimezihesabu, zote zimeandikwa. Siku ya ishirini na nne nimeandika: "Elisha amekimbiza kuku."

Wewe ulikuwa na miaka mitano, hukumbuki. Sikulaumu kwa kutokukumbuka. Mimi pia mambo ya miaka mitano yamenitoka. Ninakulaumu kwa kuandika kwamba ambalo hukumbuki halikuwepo.

Na mawe ni manne, Elisha, siyo matatu. Ukurasa wa kumi na moja unasema "mawe meupe yaliyopo" na kwenye ramani yako umechora matatu. La nne ninalijua liko wapi. Nimeliona kwenye picha uliyonitumia ya pikipiki mpya, pale getini kwako, umeegemeza gurudumu la nyuma juu yake. Nilikuza picha kwa vidole viwili mpaka nikaona ile alama ya jembe ambayo Baba aliikata ubavuni. Nililia kazini kwenye chumba cha kufulia, nikaambiwa nipumzike dakika kumi.

Sitakusahihishia nukta na mikato. Sikiliza nitakachofanya. Nakala ya karatasi hizi nimemtumia Mwalimu Halima kwa simu leo asubuhi. Ndiye yule Habiba, binti wa Mama Habiba, aliyeandikishwa shuleni kwa jina la Halima, kama umesahau, na ndiye anayemsomea Mama karatasi za hospitali kila Jumatatu wakati wewe uko kwenye kamati. Barua hii ataisoma yeye, mbele ya Mama, kabla haijafika mkononi mwako. Kwa hiyo unapoisoma sasa, jua kwamba Halima ameshakusamehe au hajakusamehe, na mimi sijui ni lipi. Alipojibu aliandika neno moja tu: "Nimeona."

Nimezungumza pia na mwenyekiti wa kamati. Nilimwambia historia inayotaja shajara yangu isisomwe bila shajara yangu. Alisema, "Binti wa mlinzi wa lango, nani atakukatalia?" Siku ya mkutano simu yake itawekwa mezani, sauti wazi. Huku itakuwa alfajiri, nitaamka, nitachemsha chai, nitakaa. Ukurasa wa kumi na moja ukisomwa kama ulivyo, nitasoma zangu tatu baada yake. Ukiubadilisha wewe mwenyewe, nitanyamaza nisikilize, na watu watadhani katibu wao ni mtu mwenye busara. Ningependelea hilo. Sitaki kukuaibisha mbele ya laini zote sita. Wewe ndiye mtoto niliyekubeba mgongoni kwenda kuchota maji, na kichwa chako kilikuwa kizito hata wakati huo.

Kuhusu Kioko, fikirini uzio kando ya njia, siyo uzio juu ya njia. Mathenge mnayo ya kutosha kuzungushia dunia. Kateni miiba yake mpange pande zote mbili, kutoka barabarani mpaka mtoni, na wafugaji watakuja kusaidia kukata, kwa sababu ni njia yao. Mnaweza kugawana kazi kama mnavyogawana maji. Hilo liandike kwenye historia yako mwakani: kwamba mji huu uliotengenezwa na watu wasioelewana lugha uliwahi kukaa chini ukakubaliana mahali pa kupita ng'ombe. Hiyo ndiyo tabia ya Malkani. Hakuna mwingine atakayeiandika isipokuwa wewe, na unajua kuandika. Nimeshasema. Nimechoka kusema.

Huku majani yameanza kugeuka rangi na wenye bustani wameambiwa tusafishe vipande vyetu kabla ya baridi. Bibi Speransiya anapita kila Jumamosi. Jana alisimama kwenye nyasi zile zilizoota upya, akazikanyaga kwa gurudumu, akasema, "Sasa hii ndiyo njia," akanipa mahindi mawili.

Nisalimie Mama, mwambie jicho haliwezi kusubiri vitunguu. Nisalimie shangazi anayeuza bamia sokoni, yule wa sauti, na mjomba fundi wa baiskeli, na mke wako aliyekuvumilia. Watoto wako uwaambie alama ya mguu wa bibi yao ilitoka wapi. Msalimie Mama Habiba mzee kwa mikono yote miwili, wewe mwenyewe, kwa miguu, siyo kwa pikipiki.

Na lile jiwe lirudishe kabla ya mkutano. Toroli ya Baba bado iko nyuma ya choo. Usiwatume vijana. Libebe mwenyewe, mchana, kupitia laini ya tano yote, watu wakikuona.

Ni mimi dada yako anayekupenda na aliyechoka,
Rehema, binti wa lango